Vyombo Vipya Dukani: Mazungumzo kwa Wenye Maduka Madogo wa Ng'ambo



Leo tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya vyombo vipya vilivyoingia katika maduka madogo, yaani mizani ya betri, friza, simu ya kupokelea fedha, na vingine vya namna hiyo. Hatutakisifia chombo chochote. Wa kukisifia yupo, naye ni yule akiuzaye. Sisi tutatazama upande ule ambao muuzaji hana haja ya kuusema: siku chombo kinapozimika, mwenye duka hubakiwa na nini?

Na tuanze na jambo ambalo kila mtu mzima wa Unguja alilishuhudia kwa macho yake, au tuseme, kwa kukosa kuona. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika kisiwani, na haukurudi mpaka mwezi wa Machi 2010. Mwaka 2008 watu walikuwa wamekwisha kuonja kiza cha karibu mwezi mzima, tangu Mei hata Juni. Sababu yake yajulikana. Umeme wa Unguja ulikuwa ukitoka bara kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni, upande wa Dar es Salaam, hata Fumba. Waya ule, wenye uwezo wa megawati 45, ulikuwa umezeeka, na kisiwa kilikuwa kimekua. Baadaye majenereta ya akiba yaliwekwa Mtoni, na ulipofika mwaka 2013 waya mpya wa megawati 100 ulikuwa umekwisha kulazwa kwa fedha za Marekani. Kwa hiyo hatusemi kwamba kiza kile kitarudi kesho. Twasema kwamba kilikuwa mtihani, na maduka yote yalitahiniwa siku moja.

Katika miezi ile mitatu mwenye duka ambaye riziki yake ilisimama juu ya friza, yaani malai ya watoto, maji ya baridi, kuku na samaki wa barafu, ilimbidi ama afunge ama anunue jenereta na kuilisha petroli kila siku. Jirani yake aliyeuza mchele, sukari, mishumaa na mafuta ya taa aliendelea kuuza kwa mwanga wa kandili na kuandika katika daftari kama alivyoandika babu yake. Hatudai kuwa huyu wa pili alikuwa hodari kuliko wa kwanza. Huenda kabla ya kiza yule wa kwanza alikuwa akipata faida mara mbili. Lakini liko swali moja ambalo wa pili alikuwa amekwisha lijibu bila kukusudia, na wa kwanza hakuwahi kujiuliza: Kikizimika, nitauza vipi? Swali hilo ndilo tutakalokwenda nalo leo, chombo baada ya chombo.

Tukumbuke pia maduka yetu ni ya namna gani. Ng'ambo ilipata jina lake kwa kuwa ng'ambo ya hori lililoitenga na Mji Mkongwe, na Darajani ikapata lake kwa daraja la kuvukia. Hori limefukiwa zamani, majina yamebaki. Tangu Kikwajuni na Miembeni, Kwahani na Jang'ombe, hata chini ya majumba marefu ya Michenzani, duka aghalabu ni chumba cha mbele cha nyumba, na wateja ni majirani na watoto wao. Mtoto hutumwa nusu robo ya sukari, na akifika nyumbani hutumwa tena yai moja. Chombo kilichofanywa kwa ajili ya duka kubwa la London au Dubai hakikufanywa kwa ajili ya mauzo kama haya, na mtu asione haya kukikataa.

Basi tushike mizani kwanza. Wazee walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na karafuu wakazipima kwa frasila ya ratili 35. Kibaba kilikuwa na uzuri wake, maana hakina cha kuharibika. Na kilikuwa na ubaya wake, maana aliyetaka kudhulumu alijua namna ya kukitia chubuko chini. Mizani ya mawe ikaja, na sasa mizani ya betri yenye namba. Je, yafaa kuinunua? Twaona yafaa, na sababu yetu ni hesabu. Gunia la sukari la kilo 50 lina gramu 50,000, nazo ni nusu robo 400 za gramu 125 kila moja. Ikiwa mkono wako huzidisha gramu 5 tu kila unapopima, kiasi ambacho jicho halikitambui, gunia litakupa vipimo 384 na ushei, wala si 400. Vipimo 15 vimekwenda, na katika sukari, ambayo faida yake ni nyembamba, huenda hivyo 15 ndivyo vilivyokuwa faida yenyewe. Na mkono ukipunguza badala ya kuzidisha, hasara ni ya mtoto wa jirani, na dhima ni yako.

Lakini mizani hii yataka adabu zake. Iwekwe juu ya meza isiyotikisika wala kulala upande mmoja. Nyingi zina kioo kidogo chenye kiputo cha hewa, na kiputo kikikaa katikati ndipo mizani imesimama sawa. Isiwekwe mbele ya feni, kwani upepo huisukuma. Kabla ya kutia bidhaa, weka karatasi au bakuli lako, kisha bonyeza kifungo cha kurudisha sifuri, usije ukamuuzia mtu bakuli kwa bei ya unga. Na kuijaribu si kazi. Lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja. Pima chupa tupu, itie lita moja kamili ya maji, uipime tena. Tofauti ikiwa mbali na kilo moja, mizani yako imepotoka, na haifai kuuzia mpaka mkaguzi wa vipimo aione. Ama mizani yako ya zamani na mawe yake, tafadhali usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Ifute mafuta, uiweke chini ya meza. Betri ikifa saa tatu ya usiku, nayo ni saa ya watu kutafuta unga wa chapati za asubuhi, utaikumbuka.

Sasa friza, ambayo ndiyo inayowatia wengi katika hasara wasiyoiona. Haionekani kwa sababu duka liko chumba cha mbele, na duka na nyumba hula mita moja. Fedha za umeme hutoka mfukoni mwa baba au katika fedha za chakula, na faida ya malai huhesabiwa kana kwamba baridi yake ilishuka kutoka mbinguni. Jaribuni hivi. Usiku mmoja, baada ya kufunga, zimeni kila kitu nyumbani isipokuwa friza, mwandike namba iliyo katika mita. Asubuhi andikeni tena. Tuseme kwa mfano kuwa katika saa nane imekwenda yuniti moja. Maana yake ni yuniti tatu kwa siku na usiku, na zaidi ya hizo mchana, wakati kifuniko kinapofunguliwa kwa kila mtoto mwenye sarafu. Zidisheni kwa bei mnayonunulia yuniti, kisha kwa siku 30, ndipo muulize: malai na maji ya mwezi mzima yameleta kiasi gani juu ya hayo? Wako watakaoona faida njema, nasi tutafurahi pamoja nao. Wako watakaoona kuwa kwa miaka kadha wamekuwa wakiwalipia watoto wa mtaa maji ya baridi.

Friza inayokula sana si lazima iwe mbovu. Tieni karatasi katika kifuniko, mkifunge, mkaivute. Ikitoka kwa wepesi, mpira umelegea na baridi yavuja. Iacheni mbali na ukuta kiasi cha shubiri ipate kupumua. Hewa yetu ya chumvi hula bomba za nyuma, basi zifutwe vumbi na kutu mara kwa mara. Na umeme ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo, msiiwashe papo hapo. Ichomoeni tangu ulipokatika, na ukirudi ngojeni kama dakika 5, hata nguvu ya umeme itulie na mashine ipate pumzi. Vipo vifaa vidogo vya kuchomeka ukutani vifanyavyo kazi hiyo ya kungoja kwa niaba yenu, na bei ya kimoja ni ndogo sana mbele ya bei ya kutengeneza mashine iliyoungua.

Kikizimika, nitauza vipi? Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi baridi yake kadiri ya saa 48, na iliyojaa nusu kama saa 24. Hesabu hiyo ni ya friza nzima yenye kifuniko kizuri. Katika joto la kaskazi, katika chumba chenye bati juu, sisi tungehesabu pungufu. Kwa hiyo nafasi tupu ijazwe chupa za maji, zigande ziwe akiba ya baridi. Iko na hila moja ya kale inayotupendeza. Gandisheni maji katika kikombe, wekeni sarafu juu ya barafu yake, mkiache kikombe ndani ya friza. Mkirudi kutoka Pemba harusini mkaikuta sarafu imezama katikati ya barafu au chini kabisa, jueni kuwa umeme ulikatika kwa muda mrefu, samaki wakayeyuka, kisha wakaganda tena, hata kama leo wanaonekana wazima kama mawe. Samaki hao wasiuzwe. Mwenye duka aliyewapa mtaa mzima ugonjwa wa tumbo hana tangazo litakalomwosha.

Juu ya jenereta tutasema machache. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini. Isiwashwe ndani ya duka, wala ukumbini, wala katika uchochoro chini ya dirisha la jirani, nasi twajua jinsi nyumba za Ng'ambo zilivyoegemeana. Kwa duka dogo lisilo na friza, paneli moja ya jua, betri moja na taa mbili za wati 7 zatosha kuuzia hadi saa nne ya usiku, na simu ikapata chaji humo humo. Hakuna kelele, wala petroli ya kuwekwa karibu na jiko.

Simu ndiyo yenye maneno mengi. Kule Kenya M-Pesa ilianza mwaka 2007, na mwaka 2008 ikaanza Tanzania. Mwaka huo huo wa 2008 Zantel ilianzisha Z-Pesa, ambayo mwaka 2012 iligeuzwa jina ikawa Ezy Pesa. Tangu hapo fedha za simu zimekuwa kama sarafu nyingine katika mji, na mwenye duka anayezikataa hupoteza wateja, hasa vijana. Basi zipokeeni, lakini mlangoni pake pawe na bawabu.

Jambo la kwanza ni kuzitenga. Laini ya duka iwe mbali na laini ya nyumba. Wengi hupokea malipo katika namba ile ile wanayotumiwa fedha na ndugu walioko Muscat, kisha mwisho wa mwezi hawajui kipi ni mtaji, kipi ni faida, na kipi ni fedha za ada ya mtoto. Ombeni Lipa Namba, ambayo ni namba ya malipo ya biashara, muibandike ukutani pamoja na jina lililosajiliwa ili mteja alione jina hilo katika simu yake kabla ya kukubali kulipa. Mkiwa mawakala wa kutoa na kuweka fedha, fungu hilo nalo liwe mbali. Fedha za wakala si mauzo ya duka. Aliyenunulia gunia la mchele kwa fedha za wakala, asubuhi ya pili huja mtu kutoa fedha zake, akakuta hakuna.

Jambo la pili ni laini iwe kwa jina la nani. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020. Wako mpaka leo wanaoendesha duka kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji au la mfanyakazi aliyekwisha ondoka. Laini hiyo si yenu. Siku mtakayogombana naye, au siku simu itakapopotea, atakayeweza kuirudisha ni yeye. Bonyezeni *106# mpate kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu, na kama imo msiyoijua, ikataeni upesi.

La tatu ni matapeli. Kila mtu amekwisha pokea ule ujumbe unaosema, ile pesa itume kwenye namba hii. Aliyeuandika hakujui, ameutupa kama mvuvi anavyotupa jarife, akitumai kuwa mmoja katika mia kweli alikuwa akingojea kumtumia mtu fedha. Ujumbe wa namna hiyo upelekeni namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na namba ya aliyeutuma. Lakini dukani kuna utapeli mwembamba zaidi. Sisi wenyewe umetupata. Mmoja wetu alikuwa akimshikia nduguye duka siku mbili kabla ya Idd, watu wamesongamana, na kijana mmoja mwenye adabu nyingi akachukua mafuta lita tano na mchele, akabonyeza simu yake, na ujumbe ukaingia katika simu ya duka kuwa fedha zimepokewa, jina, kiasi, na salio, vyote vimo. Usiku tulipohesabu, fedha hazikuwamo. Ujumbe ule haukutoka katika mtandao wa fedha. Ulitoka katika namba ya kawaida ya simu, na mwandishi wake alikuwa kijana yule au mwenzake aliyekaa barazani ng'ambo ya njia.

Tangu siku ile tuna kanuni tatu, na tunawapa bure. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma yenyewe, wala hauji kwa namba ya mtu. Ujumbe ulio katika simu ya mteja hausomwi, hata akiuleta mbele ya macho. Na palipo na fedha nyingi, anayeuza huangalia salio lake kabla bidhaa haijavuka meza. Mteja mwungwana hachukii kungoja. Anayechukia mno, mtazameni mara ya pili. Ama namba ya siri, asipewe mtoto anayewashikia duka. Mfundisheni kutazama malipo yaliyoingia, basi. Namba inayotoa fedha si ya kila mkono.

Na mtandao ukizimika? Huzimika, na mara nyingi jioni, wakati watu wote wapo hewani. Basi mtoto wa meza usikose sarafu na noti ndogo za kurudishia chenji, na kalamu isikose kamba. Anayejulikana aandikwe, asiyejulikana alipe taslimu au aende salama.

Hapa tumefika katika daftari la madeni, nalo ndilo lililotufanya tuyasome haya yote. Kuna hadhari nyingi juu ya umeme na simu, lakini fedha nyingi za duka la Ng'ambo hazimo katika friza wala katika simu. Zimo katika daftari lenye jalada lililochanika, lililowekwa juu ya ndoo ya sukari. Mfanyakazi wa serikali hulipa mshahara ukitoka. Mvuvi wa dagaa hulipa kiza cha mwezi kikirudi, kwani dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mwezi. Mjane hulipa mwanawe akituma. Na mwenye duka mwenyewe huenda amechukua bidhaa zake kwa mali kauli kutoka kwa tajiri wa Mlandege au Darajani, akaahidi kulipa wiki mbili baadaye. Deni limekaa juu ya deni, kama mnazi uliokwea mnazi.

Waislamu katika nyinyi mwajua kuwa aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya kuandika madeni na kuyawekea mashahidi. Ukiyatazama madaftari yetu utadhani aya hiyo haikutufikia. Twaandika "Mama Fatma, 3,500", na katika uchochoro mmoja wako akina Mama Fatma watatu. Twaandika jumla bila tarehe. Akilipa, twakata kwa mstari mzito, hata haijulikani alilipa nini wala lini, na akija kubisha hatuna ushahidi isipokuwa sauti zetu, nazo husikika hadi msikitini.

Daftari lifanywe hivi. Kila mdeni apewe ukurasa wake, juu yake jina lake kamili na nyumba yake, na siku anayotazamiwa kulipa, iwe mwisho wa mwezi au mwezi kiza. Kila mstari uwe na tarehe, kitu, bei, na jumla mpaka hapo. Akilipa pandikwe alicholipa na kilichobaki, naye atie sahihi au alama yake. Kazi hii yachukua nusu dakika kwa mteja mmoja. Kisha kila usiku, kabla ya kufunga, chukueni simu mpige picha kurasa zilizoandikwa siku hiyo, na picha hizo zitumwe katika simu ya pili iliyoko nyumbani, ya mke au ya mtoto mkubwa. Hapo simu imefanya kazi yake bora kuliko zote, kwa maoni yetu, wala haikuhitaji kununua kitu. Daftari likiliwa na panya au likalowa maji ya masika yaliyoingia dukani, picha zipo. Simu ikitumbukia kisimani, daftari lipo.

Ziko programu za simu zinazoandika mauzo na madeni na kujumlisha zenyewe, na baadhi yake ni nzuri. Anayeipenda aitumie, lakini aulize swali letu: programu ikifungwa, au simu ikiibwa, madeni yangu nitayasoma wapi? Kama jibu ni kwamba hayatasomeka, basi aendelee na karatasi kando yake. Na jambo moja tutalisema kwa ukali kidogo. Picha za daftari si za kupelekwa katika makundi ya simu ili wadeni waaibike. Tumesikia yanafanyika. Mtu aliyekopa unga kwa ajili ya watoto wake hakukupa ruhusa ya kumsomesha mtaa mzima njaa yake, na mtaa nao utajua kuwa dukani kwako siri haikai.

Juu ya risiti za kielektroniki za Mamlaka ya Mapato hatutasema leo, maana zataka mazungumzo yake peke yake, na maduka yote hayana hukumu moja.

Limebaki zimo moja ambalo watu hawapendi kulitaja, nalo ni la mwenye duka mwenyewe. Mtu hufariki usiku, na asubuhi duka limefungwa. Baada ya arubaini warithi hufungua mlango, wakakuta friza, mizani, simu tatu zilizofungwa kwa namba za siri, na daftari lenye majina ya utani. Tajiri wa Mlandege aja kudai mali kauli yake, na wao hawajui kama ililipwa. Wadeni waaminifu waja kulipa, na wengine hawaji. Fedha za katika laini haziwezi kuguswa mpaka vyeti vipelekwe kwa kampuni, na pengine shauri la mirathi lifike kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Na kama laini ilikuwa kwa jina la shemeji, hata vyeti havifai kitu. Deni la maiti lamngoja yeye, na haki ya mjane yangoja pamoja nalo.

Basi usiku huu, baada ya kupiga hesabu, chukueni karatasi moja. Andikeni namba za laini za duka na jina lililosajiliwa kwa kila moja, Lipa Namba yenu, namba ya mita, tajiri mnaowadaiwa na kiasi cha kila mmoja, na mahali daftari linapowekwa. Namba za siri msiziandike. Tieni tarehe, mkunje karatasi, muiweke mahali pakavu, mkamwambie mtu mmoja wa nyumbani kwamba ipo na ni mahali gani. Ikifika mwisho wa mwezi, ile ya zamani ichanwe, iandikwe nyingine.